Nimeacha kuuza preseti yangu, na sababu ni nyanya yangu

Wadau, tuanze na pesa kwa sababu najua ndiyo swali la kwanza. Tangu mwaka jana nimeuza preseti yangu, ile niliyoiita Tsavo Dhahabu, mara 61. Kila moja shilingi 250. Piga hesabu, inafika 15,250. Kwa kijana aliyeacha chuo mwaka wa pili na anayelipia chumba kimoja hapa Mwakingali, Voi, hiyo si pesa ya kuchezea. Kuna mwezi hiyo preseti peke yake ndiyo ililipa kodi.

Jumatatu nimeitoa. Haiuzwi tena. Nimepata jumbe kibao za "kwani imekuwaje", wengine wakidhani akaunti imeibwa. Hapana. Preseti haijaharibika. Inafanya kazi vile vile nilivyoitengeneza, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Kaeni niwaambie.

Desemba nilienda kumwona nyanya yangu, mama yake mama, kule Sagalla. Shamba lake liko chini ya mlima, upande ule watu wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, maana ndovu wa Tsavo hawamwogopi mtu wala mbwa, lakini nyuki wanawaheshimu. Nilikuwa na kamera yangu, Canon ya mtumba na lenzi moja tu ya milimita 50. Kawaida mimi hupiga JPEG, na sababu ni umaskini. Faili moja mbichi, ile inaitwa RAW, kwa kamera yangu inakula megabaiti 20 na kitu, na kadi yangu ni ndogo. Siku hiyo rafiki alikuwa ameniazima kadi kubwa kwa kazi ya kesho yake, kwa hivyo kamera ilikuwa tayari kwenye RAW. Ilikuwa bahati, si akili.

Niliingia jikoni kuchota maji. Nikigeuka, nyanya ameketi pale mlangoni anachambua maharagwe, uwanja unawaka nyuma yake. Siku zote alifunga kitambaa kichwani, lakini saa hiyo alikuwa amekivua kwa joto. Saa saba mchana Voi mnaijua. Nikainua kamera. Akaniangalia akacheka, "Unanipiga nini na jasho hili, mwanangu?" Nikabonyeza mara moja.

Nikaangalia kioo cha kamera. Sura yake yote nyeusi tii. Nyuma uwanja mweupe, mabati ya jirani meupe, hata udongo wetu mwekundu umekuwa kama karatasi. Nikamwambia, "Imekataa, nyanya. Nitarudi tupige nzuri."

"Haya. Ukirudi uniletee na sukari."

Sikurudi. Mwezi wa tatu mama alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Ukipigiwa na mama saa hiyo, huulizi kuna nini. Unakaa kitandani unangoja aseme.

Sasa ikaja habari ya picha ya mazishi. Kila mtu akageuka kuniangalia mimi. Mjomba akasema, "Wewe si ndiye wa picha?" Kweli, mimi ndiye wa picha. Niko na maelfu ya picha kwenye diski: maharusi wa watu, simba wamelala, treni ya SGR ikipita juu ya njia za ndovu. Ya nyanya sikuwa nayo. Kulikuwa na ile ya kitambulisho, na zile za WhatsApp zilizotumwa kutoka grupu moja hadi lingine mpaka sura ya mtu imebaki pikseli nne. Na ile moja niliyosema imekataa.

Nikaifungua. Nikafanya nilichofanya mara elfu, nikabonyeza Tsavo Dhahabu na kuvuta mwangaza juu. Sekunde kumi. Nyanya akatokea. Ngozi laini, inang'aa, rangi ya asali. Nikatuma kwenye grupu la familia, mioyo ikamiminika. "Amependeza." "Kama malaika." Nikajisikia fundi.

Jioni hiyo, pale matangani, mama alimwonyesha nyanya mdogo, yaani mdogo wake marehemu. Yeye hana simu. Akaichukua, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu ni nani?"

Mama akamwambia, "Si ni dada yako, mama mdogo."

"Dada yangu alikuwa mweusi."

Akarudisha simu. Hakusema kwa hasira, alisema tu kama mtu anayesahihisha hesabu. Mimi nilikuwa hapo na kikombe cha chai na sikuwa na pa kuangalia.

Usiku huo nilifungua preseti yangu niisome kama mtu mgeni. Preseti si uchawi. Ni orodha ya namba. Unahifadhi slaida zilikokaa, kisha unazibandika juu ya picha nyingine. Haijui picha ni ya nani, imepigwa saa ngapi, wala mtu ana sura gani. Na yangu ilikuwa na namba mbili ambazo ndizo zilifanya kazi yote. Ya kwanza: mwangaza wa rangi ya machungwa, nimeupandisha 35. Ya pili: ukali wa mistari midogo, nimeushusha 20.

Mbona machungwa? Kwa sababu ngozi ya binadamu, mweusi, mweupe, yeyote, kwenye kompyuta karibu yote inaangukia kwenye machungwa. Tofauti yetu kubwa ni kina cha hiyo rangi, si rangi yenyewe. Kwa hivyo ukipandisha mwangaza wa machungwa unamfanya kila mtu kuwa mweupe kidogo bila kuandika popote kwamba unafanya hivyo. Na ile ya pili inafuta makunyanzi. Mimi niliita hiyo "mng'ao wa Tsavo". Ukweli ni kwamba nilikuwa nauza krimu ya kujichubua, ila ya picha.

Na kinachochekesha, hata Tsavo yenyewe iliharibika. Udongo wetu nao uko kwenye hiyo machungwa na nyekundu. Ndovu wa hapa ni maarufu kwa kuwa wekundu kwa sababu wanajimwagia huo udongo. Nilirudi kuangalia picha zangu za zamani: udongo umekuwa kama unga wa wimbi, ndovu wamekuwa pinki. Nimezaliwa hapa, na preseti yenye jina la hapa haikutambua kitu chochote cha hapa.

Basi nikaanza upya. Hapa ndipo RAW iliniokoa, na nataka mwelewe kwa nini, kwa sababu wengi mnadhani RAW ni maringo ya wenye kamera ghali.

Kamera ikipiga JPEG, inaamua yenyewe: rangi hivi, kivuli hivi, inabana faili na kutupa mengine yote. Kila rangi inabaki na ngazi 256 za mwanga, kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa. Faili mbichi ya kamera kama yangu ni biti 14, na hizo ni ngazi 16,384. Ndiyo maana ukiwasha mwanga kwenye kivuli cha JPEG unapata matope, lakini kwenye RAW unaweza kukuta mtu bado yuko mle gizani.

Lakini RAW si msamaha wa kila dhambi. Kihisio cha kamera kinagawa zile ngazi kwa njia ya ajabu: nusu nzima, 8,192, zinaenda kwenye stopu moja ya juu kabisa, ile ya mwanga mkali. Inayofuata inapata nusu ya zilizobaki, na kushuka hivyo hivyo. Kule chini gizani ngazi ni chache, kwa hivyo ukivuta giza juu unavuta pia chengachenga. Na upande wa juu, mwanga ukishajaa, basi. Mahali palipoungua hapana taarifa. Hakuna slaida itakayorudisha kitu ambacho hakikurekodiwa.

Picha ya nyanya ilikuwa na matatizo yote mawili. Nikatumia darktable, programu ya bure, ipakue usilipe mtu. Nikapandisha eksposha karibu stopu tatu. Uso ukaanza kuja, na chengachenga za kijani na zambarau zikaja nao. Nikaziondoa hizo za rangi, lakini zile za kawaida nikaziacha nyingi, kwa sababu programu haijui kutofautisha chenga na mkunyanzi wa macho. Ukisafisha sana, unamsafisha na mtu mwenyewe.

Kisha rangi. Uso wake ulikuwa kivulini, na mwanga mwingi uliomfikia ulikuwa umegonga udongo mwekundu kwanza ndiyo ukampata yeye. Kwa hivyo alikuwa mwekundu chini ya kidevu. Leso yake ilikuwa na pindo jeupe. Nikaichukua hiyo nyeupe kama kipimo na nikalinganisha picha nzima nayo. Hiyo nayo ni zawadi ya RAW, maana mizani ya rangi bado haijafungwa humo ndani. Nikabakisha joto kidogo, kwa sababu Sagalla saa saba mchana si ofisi yenye kiyoyozi.

Halafu sehemu ngumu, nayo haikuwa ya slaida. Nilipofika mahali uso unaonekana vizuri, mkono wangu ukataka kuendelea. Kidogo tu. Ang'ae kidogo tu. Niligundua kwamba jicho langu limezoea. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimejifundisha kwamba picha "imeiva" pale ngozi inapokuwa nyeupe kuliko mtu. Nikamwamsha mama saa nane usiku, nikamwuliza, "Alikuwa hivi?" Akasema, "Shusha." Nikashusha. "Shusha tena." Nikashusha. Akanyamaza. Kisha akaanza kulia, nikajua tumefika.

Uwanja nyuma uliungua na ukabaki umeungua. Nimeuacha hivyo.

Asubuhi nikapeleka Voi kuchapisha. Siku ya mazishi nyanya mdogo alisimama mbele ya ile bango muda mrefu, watu wakimzunguka kupita. Akasema neno moja. "Ndiye."

Sasa maoni yangu, maana mnajua hapa hatumalizi bila maoni.

Hii kitu haikuanza na mimi wala na Instagram. Tangu miaka ya 1950, Kodak ilikuwa ikipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya mwanamke mzungu, na ilijulikana kama kadi ya Shirley. Fundi alikuwa akirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ionekane sawa, na ikishakuwa sawa, kila mtu duniani anasafishwa kwa kipimo hicho. Wewe ukiwa mweusi unatoka meno na macho tu. Malalamiko yaliyosikilizwa, kwa maelezo ya waliofanya kazi Kodak wenyewe, hayakuwa ya watu. Yalikuwa ya kampuni za chokoleti na za fanicha za mbao ambazo bidhaa zao hazikuonekana vizuri. Ni miaka ya 1990 ndipo kadi yenye wanawake watatu, mzungu, mweusi na wa Asia, ilitoka. Na mpaka 2021 Google bado walikuwa wanatangaza Real Tone kwenye simu yao mpya, yaani kurekebisha kamera zitambue ngozi kama zetu. 2021! Wengi wenu mlikuwa tayari mna akaunti.

Kwa hivyo mashine ilipotuharibu, tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mimi nilitengeneza kadi yangu ya Shirley, hapa Voi, kwa mikono yangu, na nikawauzia nyinyi kwa 250.

Najua mtasema nini. "Lakini mteja ndiye anataka." Ni kweli. Nimeambiwa na bibi harusi, mbele ya mumewe, "Nitoe laiti skini kidogo." Kodi haingoji falsafa. Na mtu ana haki na sura yake, mimi si polisi wa ngozi. Kama anataka awe bluu, ni harusi yake. Lakini nimeona kitu: mara nyingi mteja anaomba weupe kwa sababu amezoea kupigwa picha vibaya. Anachokataa si weusi wake, ni giza. Anakataa zile picha ambazo gauni linaonekana na uso hauonekani. Hilo ni kosa letu sisi wenye kamera, si lake. Tangu mwezi wa nne ninampa mteja kwanza picha iliyopigwa kwa mwanga sahihi bila kuchubua, kabla hajaomba kitu. Bado wapo wanaoomba. Mmoja alienda kwa mpiga picha mwingine na pesa yangu ikaenda naye. Lakini wengi wakiona uso wao vizuri wanasahau walitaka kuomba nini.

Kwa hivyo badala ya preseti, chukueni hii, ni bure.

Kamera yako ni mjinga mwenye nidhamu. Kila kitu inachokiona inataka kukifanya kijivu cha katikati. Mtu mweusi akikaa mbele ya uwanja unaowaka, kamera inapima uwanja na kumzamisha mtu. Ongeza eksposha, plasi 1 hadi plasi 2, uangalie uso, si mandhari. Lakini ukipima kwa nukta moja juu ya ngozi nyeusi yenyewe, mambo yanageuka: kamera inaona "giza" na inataka kuling'arisha mpaka kijivu. Hapo punguza, minasi 1 hivi, ndiyo weusi ubaki weusi. Kwenye simu, gusa uso ushikilie, kisha vuta kale kajua juu au chini.

Usiamini kioo cha kamera juani. Fungua histogramu. Mlima ukijibana ukutani upande wa kulia, kuna mahali panaungua. Jiulize ni wapi. Kama ni mabati ya jirani, achana nayo. Kama ni paji la uso au gauni la harusi, shusha.

Saa saba mchana jua letu liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Mpeleke mtu kivulini, mgeuze uso uangalie anga wazi. Tandika shuka nyeupe miguuni juu ya udongo mwekundu, mwanga utakaopanda utakuwa mweupe badala ya kuwa wa matofali. Na jioni usichelewe. Huku karibu na ikweta jua halitui polepole, linadondoka.

Kama una nafasi kwenye kadi, piga RAW angalau kwa watu unaowapenda. Wageni wapige JPEG, watakulipa tu. Na usifute picha iliyokataa. Yangu ilikaa miezi mitatu kwenye diski, na ilibaki kidogo tu niifute nipate nafasi ya video.

Waliolipa 250: nitumieni ujumbe na nitarudisha. Siwezi kuwarudishia wote 61 kwa siku moja, sina, lakini nimeanza na kufikia leo nimewarudishia tisa. Ukiamua kubaki nayo ni sawa, ila nenda kwenye slaida ya machungwa uirudishe kwenye sifuri, kisha uangalie picha zako upya. Angalia mama yako. Angalia kama ndiye.

Jumamosi naenda Sagalla. Nyanya mdogo bado yupo, na hana picha hata moja nzuri. Nimenunua kadi ya memori yangu mwenyewe, na sukari kilo mbili.